Niliokota karata mbili badala ya moja: kwa nini mpinzani ndiye aliyechagua ya kurudi?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi hapa Ujerumani, na kila Ijumaa hucheza Magic: The Gathering, mchezo wa karata, katika duka la mtaani kwetu. Mwezi uliopita niliingia kwa mara ya kwanza katika mashindano makubwa yenye zawadi ya fedha. Raundi ya tatu, nikiwa katika zamu yangu ya nne, vifuko vya plastiki vya karata vilinatana nikaokota mbili badala ya moja. Nilipogundua, zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na zile za mkononi. Nikamwita mwamuzi mimi mwenyewe. Akanitaka nimwonyeshe mpinzani karata zangu zote, mpinzani akachagua moja, ikarudi kwenye bunda na bunda likachangwa. Bila shaka alichagua iliyo bora. Juu ya hayo nikaandikiwa onyo. Meza ya jirani mchezaji alikuwa amelipia kimakosa gharama ya kuicheza karata yake, na yeye mwamuzi alimrudishia mchezo nyuma basi, hakuna aliyeonyesha mkono wake. Dukani kwetu kosa kama langu humalizwa kwa kuchomoa karata moja bila kuangalia. Je, nilionewa? Kama ningeirudisha kimya kimya juu ya bunda, nani angejua? Na la mwisho: katika pambano hilo hilo mpinzani alisahau uwezo wa karata yake ambao ungemfaa, nami nikanyamaza. Rafiki yangu anasema nilidanganya. Ni kweli?"

Marahaba, na asante kwa kukieleza kisa chako hatua kwa hatua, maana katika uamuzi wa michezo hii jambo dogo, kama karata kugusa au kutogusa zile za mkononi, linaweza kubadilisha jibu lote. Ninavyokusoma, yanakuuma mambo mawili. Ulifanya uungwana wa kumwita mwamuzi na uungwana huo ukakugharimu karata yako bora, ilhali mwenzako wa meza ya jirani, aliyekosea pia, aliondoka bila kupoteza kitu. Nianze na jibu lenyewe: hukuonewa. Uamuzi uliopewa ndio uliomo katika mwongozo rasmi wa waamuzi, na mwamuzi mwingine yeyote anayeujua mwongozo huo angekupa huo huo. Hata hivyo naelewa kwamba kuambiwa "ndivyo kanuni zinavyosema" hakumridhishi mtu aliyepoteza karata, kwa hiyo nitakueleza sababu.

Dukani kwenu na ukumbini mlicheza mchezo mmoja chini ya taratibu mbili. Mashindano ya Magic yana ngazi tatu za usimamizi wa kanuni: ya kawaida, ya ushindani, na ya juu kabisa wanakocheza wachezaji wa kulipwa. Mchezo wa Ijumaa dukani uko katika ngazi ya kawaida, ambako mwamuzi hutumia waraka mfupi wenye lengo la kufundisha. Hakuna maonyo rasmi, na kosa la kuokota karata ya ziada kwa kawaida humalizwa kwa kurudisha moja kwa kubahatisha, kama ulivyozoea. Watu wamekuja kujifunza na kufurahi, na hakuna sababu ya kumkazia mtoto wa miaka 12 mbele ya baba yake. Ngazi mbili za juu hutumia mwongozo mnene unaotaja kila aina ya kosa, adhabu yake na namna ya kulirekebisha. Mashindano yako ya zawadi ya fedha yalikuwa huko. Mtu anayevuka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kuambiwa tofauti hii hushtuka kama ulivyoshtuka wewe, na nadhani waandaaji wengi hawalisemi jambo hili vya kutosha siku ya kujiandikisha.

Kuna dhana moja katika barua yako ambayo ni lazima niiondoe kabla ya kuendelea. Unazungumza kana kwamba kuonyesha mkono wako kulikuwa adhabu, kisha onyo likawa adhabu ya pili. Sivyo. Mwongozo hutenganisha kabisa adhabu na marekebisho. Adhabu ni za aina nne tu: onyo, kupoteza mchezo mmoja, kupoteza pambano zima (ambalo lina michezo kadhaa), na kuondolewa mashindanoni. Wewe ulipewa iliyo ndogo kuliko zote. Kumwonyesha mpinzani mkono wako na kumwacha achague kulikuwa marekebisho, yaani jitihada ya kuurejesha mchezo karibu na hali ambayo ungekuwa nayo kama kosa lisingetokea.

Sasa tuingie katika marekebisho yenyewe. Mwamuzi alipofika mezani kwenu, naamini swali lake la kwanza lilikuwa idadi. Tuseme ulikuwa wa pili kuanza. Ulipewa karata 7, ukaokota moja katika kila zamu hadi ya nne, jumla 11. Mezani una ardhi 3 (karata zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia karata nyingine) na viumbe 2, na kwenye kaburi, yaani rundo la karata zilizokwisha kutumika, kuna karata 1: hizo ni 6. Mkononi zinapaswa kubaki 5. Mwamuzi anahesabu, anakuta 6. Hesabu hiyo inathibitisha kwamba kuna karata moja ya ziada, na wote watatu mezani mnaikubali. Kinachofuata hakiwezi kuthibitishwa: ni ipi kati ya hizo 6? Wewe unaijua, au unadhani unaijua. Mpinzani haijui. Mwamuzi naye haijui, na hana njia yoyote ya kuijua isipokuwa kuamini kauli ya mtu mmoja ambaye ana masilahi katika jibu.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo lote, na ukiushika huu utaelewa karibu kila uamuzi utakaouona ukumbini. Mwamuzi hapimi kwanza kama wewe ni mwema au mbaya. Anauliza kama wachezaji wote wawili waliweza kuona kilichotokea. Kosa lililotendeka mahali pa wazi lina mashahidi wawili, na linarekebishika kwa kufuata nyayo zake. Kosa lililozama ndani ya karata zilizofichwa lina shahidi mmoja tu, ambaye ndiye mkosaji, na mpinzani hakuwa na namna ya kulizuia wala kulisahihisha. Kwa hiyo mwongozo unampa mpinzani kile alichonyimwa: anauona mkono wote, anachagua karata moja kuwa ndiyo ya ziada, nayo inarudi katika bunda na kuchangwa pamoja na zile ambazo mahali pake hapajulikani. Hawezi kuchagua karata ambayo ilikwisha kuonyeshwa hadharani kabla ya kosa, kwa mfano ile uliyoitafuta kwenye bunda na kumwonyesha katika zamu iliyopita, kwa kuwa hiyo inajulikana wazi kwamba ni yako kihalali.

Utauliza kwa nini isichomolewe moja kwa kubahatisha kama dukani. Hebu lipime mwenyewe kwa jicho la mtu asiye mwaminifu. Ana karata 5 za halali na 1 ya wizi. Ikichomolewa moja bila kuangalia, mara 5 kati ya 6 karata aliyoiiba inabaki mkononi mwake, na inayoondoka huenda ikawa ardhi ambayo hakuihitaji. Akibambwa hapotezi kitu cha maana, asipobambwa amefaidi. Kanuni ya namna hiyo inamkaribisha mwizi ajaribu. Zamani katika ngazi ya ushindani njia ilikuwa kinyume chake: kuokota karata ya ziada kulimaanisha kupoteza mchezo palepale, hata kama kila mtu mezani aliona kwamba ni vifuko vilivyonatana. Huo ulikuwa ukali uliopita kiasi, na ulikuwa ukiwaumiza zaidi wakweli, kwani ndio waliokuwa wakijisema. Utaratibu wa sasa uko katikati. Sitakuficha kwamba una kasoro: mpinzani wako aliondoka akiujua mkono wako, na karata aliyoichagua bila shaka ilikuwa na thamani kuliko ile iliyonata. Hasara yako ilizidi kidogo faida uliyoipata kwa bahati mbaya. Binafsi nauona kuwa utaratibu bora kati ya yote matatu, kwa sababu mchezo unaendelea, na hakuna anayeweza kuondoka mezani akiwa amenufaika kwa kosa lake mwenyewe.

Turudi meza ya jirani. Tuchukue mfano wa karata ya Wrath of God, ambayo huangamiza viumbe vyote vilivyo mezani na hugharimu mana 4, mbili kati yake zikiwa nyeupe. Mchezaji anaitumia akiwa ametoa nyeupe moja tu. Viumbe vinapelekwa kaburini, kisha mpinzani anaziangalia ardhi zilizolazwa ubavu kuonyesha kwamba zimetumika, na kusema, "Ngoja kidogo." Kila kitu hapo kiko wazi: karata iliyochezwa inajulikana, ardhi zilizotumika zinaonekana, viumbe vilivyokufa viko juu kabisa ya makaburi. Mwamuzi, kwa idhini ya mwamuzi mkuu, anaweza kutengua hatua moja moja kutoka ya mwisho hadi ile iliyotangulia kosa: viumbe vinarudi mezani, ardhi zinasimamishwa, karata inarudi mkononi. Hakuna siri iliyovuja isipokuwa kwamba sasa mpinzani anajua Wrath of God iko mkononi mwa mwenzake, na hiyo ni hasara ya mkosaji mwenyewe. Jirani yako naye aliandikiwa onyo, bila shaka, hukulisikia tu.

Lakini usidhani kwamba kurudisha nyuma ni haki ya kila anayekosea mahali pa wazi. Tuseme kosa hilo limegunduliwa zamu moja baadaye. Mpinzani amekwisha kuokota karata mpya, ameteremsha viumbe vingine viwili kwa sababu aliona meza iko tupu, ameshambulia, na uhai umepungua. Kila uamuzi wa hapo katikati ulijengwa juu ya kosa, na kuutengua kunaacha watu wakijua mambo ambayo hawakustahili kuyajua wakati ule. Hapo mwamuzi huuacha mchezo kama ulivyo, hata ikiwa aliyekosea ndiye anayeongoza. Ni sawa na refa wa mpira: akisharuhusu mchezo uendelee, hawezi tena kuibadilisha kona aliyoitoa kimakosa. Kwa wachezaji uamuzi wa "endeleeni" ndio unaouma kuliko wote, na ndio unaoletewa rufaa mara nyingi, lakini tiba inayovuruga mchezo zaidi ya ugonjwa wenyewe haina faida. Kuna makosa machache yanayorekebishwa bila kurudi nyuma kabisa, kwa mfano mtu aliyesahau kuokota karata aliyopaswa kuokota huambiwa aiokote sasa, mchezo ukaendelea.

Jambo jingine ambalo mwamuzi haruhusiwi kulitazama ni nani anashinda. Hatakiwi kulegeza kamba kwa sababu mchezaji ni mgeni, au kuikaza kwa sababu ni fainali. Mwamuzi mkuu pekee ndiye anayeweza kwenda nje ya mwongozo, na ni pale tu linapotokea jambo lisilo la kawaida kabisa. Mwongozo wenyewe unatoa mfano wa meza iliyoanguka na pakiti iliyokutwa na karata za toleo jingine. Vifuko vilivyonata havimo. Michezo mingine ina adhabu zake: katika mchezo wa karata wa Pokémon, ambako kila mchezaji huanza na karata 6 za zawadi na anayezimaliza kuzichukua zake hushinda, baadhi ya makosa huadhibiwa kwa kumpa mpinzani fursa ya kuchukua moja ya zawadi zake mwenyewe. Msingi wa kumzuia mtu asifaidi kosa lake ni ule ule.

Sasa swali lako zito: ungenyamaza na kuirudisha, nani angejua? Nitakujibu bila kukuhubiria. Kosa la kuokota mbili kwa bahati mbaya ni onyo. Kulijua kosa hilo, kujua kwamba ni kinyume cha kanuni, na kulificha ili ujiepushe na matokeo yake ni udanganyifu, na adhabu ya udanganyifu ni kuondolewa mashindanoni. Ili kosa liitwe udanganyifu ni lazima mwamuzi aridhike kwamba mchezaji alijua anachokifanya si halali na kwamba alikuwa akitafuta manufaa. Mkono unaorudi polepole juu ya bunda, huku macho yakimwangalia mpinzani kama ameona, ni ushahidi mzuri wa yote mawili. Hata nia yako ikiwa safi, mtazamaji aliyesimama nyuma yako hawezi kuiona nia. Anachokiona ni karata ikirudi bila mtu kuambiwa. Kumdanganya mwamuzi anapokuhoji nako kuna adhabu hiyo hiyo. Na usitegemee mpinzani mpole akuambie "acha tu, tuendelee", kwani hana mamlaka ya kukusamehe adhabu kwa niaba ya mashindano.

Kuhusu uwezo uliosahauliwa, rafiki yako amekosea, ingawa kosa lake linaeleweka. Kuna karata zenye uwezo unaojifyatua wenyewe jambo fulani linapotokea: "kila mwanzo wa zamu yako, pata uhai 1," na mfano wake. Kuukumbuka uwezo huo ni kazi ya mwenye karata. Mpinzani hana wajibu wa kumkumbusha, na kunyamaza kwako hakukuwa udanganyifu. Ukiamua kumkumbusha, ruhusa unayo. Ikigundulika ndani ya mzunguko wa zamu moja kwamba ulisahauliwa, wewe mpinzani ndiye unayeamua kama utekelezwe sasa au upite; ukishapita muda huo, mchezo unaendelea bila huo uwezo. Onyo hutolewa tu ikiwa uwezo uliosahauliwa kwa kawaida humdhuru mwenyewe, kama ule unaomwambia apoteze uhai kila zamu, maana hapo kusahau kunamfaidi. Na akiuruka kwa makusudi, tumerudi kwenye udanganyifu.

Ruhusa hiyo ya kunyamaza inaishia hapo hapo. Mpinzani akiokota karata ya ziada, akateremsha ardhi mbili katika zamu moja, au akalipia kimakosa, na wewe ukaona, ni lazima useme mara moja, hata kama kosa lake linakufaa wewe. Kuliona na kukaa kimya ukingoja wakati mzuri wa kulitaja ni udanganyifu. Usipoliona kwa kutokuwa makini unaweza kuandikiwa onyo la kushindwa kuilinda hali ya mchezo, ambalo halipandi kuwa adhabu kubwa hata likijirudia. Na ukiulizwa uhai wako ni kiasi gani, jibu ni la kweli na kamili, kwani hilo ni jambo ambalo wote wawili mna haki ya kulijua.

Kwa siku zijazo nakushauri ubadilishe namna unavyookota. Telezesha karata kutoka juu ya bunda na kuilaza kifudifudi mezani kwanza, mbali na mkono wako, kisha ndipo uiinue. Zikinata mbili utaziona zingali zimetengana na zile nyingine, na ukisimama papo hapo kosa lako linakuwa dogo zaidi: umeona karata usiyopaswa kuiona. Marekebisho yake ni kuichanga ndani ya bunda, bila mpinzani kuuona mkono wako. Hiyo ndiyo tofauti ya sentimeta chache iliyokugharimu. Vifuko navyo vibadilishe vikichakaa. Vya zamani vyenye mafuta ya vidole ndivyo vinavyonata.

Usipokubaliana na uamuzi, mwache mwamuzi amalize kuutoa, kisha sema kwa adabu kwamba unakata rufaa kwa mwamuzi mkuu. Hakuna atakayechukia, na uamuzi wa mwamuzi mkuu ndio wa mwisho. Katika kisa chako rufaa isingebadilisha kitu, ila kama ungeweza kuonyesha kwamba karata ile haikuwa imechanganyika na nyingine. Mwamuzi akiusimamisha mchezo wenu kwa zaidi ya dakika moja mna haki ya kuongezewa muda, kwa hiyo usiharakishe maelezo kwa kuogopa saa. Ikiwa swali lako litamfichulia mpinzani mpango wako, omba kuzungumza na mwamuzi pembeni. Na kama Kijerumani cha haraka kinakupita, mwombe arudie taratibu au akusomee maandishi rasmi ya karata, ambayo una haki ya kuyaomba.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa barua, wala mtu mwingine asikuamulie kwa kusimuliwa. Ukishuku kwamba mpinzani fulani "hukosea" kila mara kwa namna inayomfaidi, usimtuhumu mezani na usisubiri mashindano yaishe. Nenda kwa mwamuzi mkuu siku hiyo hiyo, mweleze ulichokiona kwa macho yako, naye atamweka mtu wa kutazama.

Kuhusu onyo lako, halimaanishi kwamba umewekwa katika orodha ya watu wabaya. Huandikwa ili waamuzi waone kama kosa la aina moja linajirudia. Onyo la tatu kwa kosa la aina ile ile la mchezo hugeuka kuwa kupoteza mchezo mmoja, na katika mashindano ya siku zaidi ya moja hesabu huanza upya siku inayofuata. Wewe ulikuwa na moja.